Buti za Marehemu na Mti Uliong'oka

Hadi leo treni ikipita Flemingsberg, hapa Uswidi, najifunika uso kwa skafu, maana mbele kidogo ndiko liliko shamba la miti ya Krismasi nilikoaibika mbele ya foleni nzima ya watu na watoto wao. Sasa ninaweza kuwasimulia na tukacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze (na ilijaribu, mtaona).

Mume wangu alikuwa amefariki miezi michache tu nyuma. Wanjiru, Mkenya wa Spånga ambaye mdomo wake haupumziki, akanitafutia kibarua kwa Birgitta, mama wa Kiswidi mwenye shamba. Sikuwa na buti, nikavaa za marehemu, nikajaza soksi ndani. Zilikuwa bado na udongo wa bustani yake ndogo ya lengalenga, mchicha wa kwetu, kule Bredäng, udongo alioukanyaga mwenyewe, na sikutaka utoke.

Sasa, upande wa bondeni miti ilikuwa inaugua. Birgitta alituonyesha siku ya kwanza: mti unageuka njano kama una kiu, lakini ukiumwagilia unazidi kuuua, kwa sababu mizizi inaoza kwenye maji yaliyotuama. Akakwangua gome karibu na ardhi kwa kisu, na badala ya weupe tukaona rangi ya kutu. Ugonjwa unatembea na udongo, akasema, kwa hiyo ukitoka bondeni kupanda juu kwenye miti ya kuuza, lazima usugue buti kwa brashi kwenye beseni la dawa.

Mimi nikaona nina akili. Kabla ya kushuka bondeni nilizivisha buti mifuko ya plastiki na kuifunga kwa kamba, kama tulivyofanya kwetu Bukavu wakati wa matope, na nikipanda naivua, nisisugue udongo wa marehemu.

"Mama Furaha," Wanjiru akasema, "hiyo miguu unaipeleka friza?"

Nikamwambia anyamaze, kila mtu na njia yake.

Jumamosi ya mauzo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa bondeni naing'oa miti migonjwa, Birgitta akaniita kwa sauti nije kusaidia, watu wamejaa. Nikakimbia, na njiani mfuko mmoja ukachanika kwenye kisiki, matope yakaingia mpaka kifundoni. Nikafika kwenye beseni. Nikaitazama brashi, nikazitazama buti, Birgitta akaita tena. Nikavua mifuko, nikapita.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Kila hatua niliona ninapanda ugonjwa, basi nikaanza kutembea kwa ncha za vidole (kwenye mteremko, kwenye matope, na buti za mwanamume mwenye miguu mikubwa), na lililofuata mnalijua. Niliteleza. Nikaushika mti uliokuwa karibu, mrefu kunizidi, nikijua utanizuia, lakini ukatoka ardhini kama karoti na tukabiringika pamoja, nimeukumbatia, tukaipita foleni yote.

"Mwachilie, Mama Furaha, huyo si mumeo!" Wanjiru akapiga kelele, watu wakacheka bila hata kuelewa Kiswahili, kisha nikamwona amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mimi nilikuwa naangalia mizizi. Ilikuwa michache, myeusi, na nilipoigusa, ngozi yake ikabanduka kama ya nyanya iliyochemshwa. Huku juu, kwenye miti mizima!

"Nimeuleta mimi," nikasema kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sikuosha buti."

Kicheko kikakatika. Birgitta akapiga magoti, akakwangua gome, akanusa.

"Huu umeanza kuoza tangu kiangazi. Ulikuwa hujafika," akasema, akanionyesha mfereji ulioziba kwa majani, maji yamesimama pale pale.

"Na miti ile iliyo kando yake?" nikauliza.

Akafuta kisu chake. "Sijui. Kaoshe."

Nikasugua pale pale, foleni ikinitazama, mvua inanisaidia kuficha machozi. Wanjiru akaja kunishikia buti ya pili, hakusema neno, na hiyo kwa Wanjiru ni zaidi ya pole. Maji yakawa meusi. Nilikuwa nimejiandaa kuona mume wangu anaondoka ndani ya beseni lile, nikaona matope tu.

Mstari ule wa miti haukuuzwa. Birgitta aliuzungushia kamba, akazibua mfereji, na akasema pale hapapandwi mti wa Krismasi tena. Miezi ya baridi ilipopita, miti mitatu iliyokuwa kando ya ule uliong'oka ikageuka njano. Yeye anasema ni mfereji. Mimi sijui, na huenda nisijue kamwe, ndiyo sababu nimeapa: shamba la mtu sitalikanyaga tena na udongo nilioupenda mimi.