Uwanja Ulikuwa Wazi Saa Kumi

Saa mbili na robo ya asubuhi, siku ya Jumatatu, watu wawili walikuja kuniomba uwanja. Nilikuwa nimemaliza kuandika ratiba ya wiki ubaoni, na chaki ilikuwa bado vidoleni. Wote wawili walijitanda mabegani mharuma, kile kitambaa ambacho kisiwani Ngazija huvaliwa na wanaume waliokwisha kufunga ndoa kuu. Mmoja alikuwa mjomba wa bwana harusi. Mwingine sikumjua, naye hakujitambulisha.

"Tunautaka Jumamosi," alisema mjomba. "Ng'ombe watapita hapa asubuhi, watu watacheza ngoma, kisha mchana tutakwenda kula nyumbani."

"Jumamosi kuna mechi," nikasema. "Timu ya wapagazi wa bandari ya Mutsamudu inakuja kucheza na timu ya mtaa huu. Saa kumi."

Walitazamana.

"Mechi? Jumamosi hii?"

"Imepangwa tangu mwezi uliopita."

Mjomba alicheka kidogo, bila ubaya. "Basi sisi tutakuachia uwanja saa nane. Mimi sitaki ugomvi na Wanzuani."

"Saa nane kamili?"

"Kamili, bwana. Na tutaufagia."

Nikaifuta Jumamosi ubaoni, nikaiandika upya.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa kokoto nyeusi za volkano zilizoshindiliwa, na magoli mawili ya mabomba. Pembeni palikuwa na ukumbi wa bati. Ulikuwa wa mtaa mzima, na kwa hiyo kila mtu aliuona kuwa wake. Alfajiri walikimbia humo askari wa ulinzi wa rais wakiongozwa na wakubwa wao wa Kizungu. Ilikuwa miaka ya mamluki. Tulikuwa tumezoea kuwaona wakinunua mkate. Baada ya askari walikuja wanafunzi. Alasiri ulikuwa mpira, na jioni vikundi vya akina mama viliingia ukumbini kujifunza ngoma za harusi. Kabla yangu watu waligombania hata kivuli cha ukuta. Halmashauri ya mtaa ilinichagua mimi niwapangie, kwa sababu iliyotajwa wazi kikaoni: sikuwa na ukoo hata mmoja pale Moroni, basi nisingempendelea mtu.

Sikuwa na ukoo kwa sababu mimi ni wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani. Nilikuwa mtunza stoo wa idara ya ujenzi, nikahamishiwa Moroni nikiwa na miaka arobaini na moja. Shule niliiacha mapema. Hesabu na Kifaransa nilijifunza mwenyewe kwenye vitabu vya mitumba, nikisoma asubuhi kabla ya kazi. Saa ya mkononi sikuivua hata kuoga, na ndiyo maana vijana wa mtaa waliniita Bwana Saa. Sikuchukia. Waliniita kwa furaha, na walikuja mazoezini kwa wakati.

Mke wangu alibaki Mutsamudu, katika nyumba aliyojengewa na mama yake. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ndiye anayehamia. Kumwomba mke aiache nyumba yake aje kukaa katika chumba cha kupanga ni jambo ambalo mama mkwe alilisikia mara moja tu, akatoka nje. Lakini nilikuwa nimekula peke yangu miaka mitano. Likizo ya mwisho nilimwomba tena.

"Sikatai," alisema mke wangu. "Lakini wewe mchana uko kazini. Nikija huko nitakaa na nani? Una watu?"

"Ninao."

"Watu gani? Wanaokuja kwako, au wanaokusalimu njiani?"

Nikasema ninao, watu wa mtaa mzima.

"Haya. Kaka yangu akienda akaniambia unaishi na watu, nitafunga mizigo."

Kaka yake, shemeji yangu, alikuwa msimamizi wa wapagazi bandarini, na ndiye nahodha wa timu yao. Kwa hiyo niliporudi Moroni nikapanga mechi. Nahodha wa timu ya mtaa, kijana fundi wa redio, alikubali papo hapo. Alisema wageni watapokelewa vizuri, nami niliamini hivyo, na bado naamini kwamba alisema kweli.

Siku ya Jumanne nilikwenda kwenye lango la kambi kuomba askari wasikimbie uwanjani Jumamosi, maana kungekuwa na ng'ombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu ya Kifaransa. Ofisa wa Kizungu alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichoning'inizwa kwenye gari.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Siku nzima."

"Sawa." Kisha akauliza, "Na jioni kuna nini?"

"Mechi. Saa kumi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunyoa.

Timu ya Mutsamudu ilifika Ijumaa kwa boti, watu kumi na wanne, wanne kati yao wakiwa bado wanatapika. Niliwalaza ukumbini. Niliwapikia wali na samaki kwa mkono wangu, na shemeji aliliona hilo. Aliniuliza sahani hizo zote nimezipata wapi. Nikamjibu nimezikodi.

Jumamosi asubuhi harusi ilipita. Ng'ombe walikuja wamefungwa vitambaa kwenye pembe, wanaume wakacheza kwa safu taratibu wakiwa na fimbo, noti zikabandikwa kwenye vipaji vya nyuso. Wageni wangu walitazama kutoka barazani pa ukumbi. Kwetu Nzuani harusi ni kubwa pia, lakini haimpandishi mtu cheo namna hii. Ngazija mwanamume asiyefunga ndoa kuu, hata akiwa na mvi, huhesabiwa kijana: hasemi kikaoni, na mahali pa mbele hakai. Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyasoma na nimeyaona.

Mjomba alitimiza ahadi. Saa nane kasoro dakika kumi uwanja ulikuwa mtupu na umefagiliwa, hata samadi ya ng'ombe imezolewa. Nikapiga mistari kwa chokaa. Nilitumia kamba na vigingi, na pembe zote nne zilitoka sawa. Saa tisa na nusu wapagazi walianza kupasha misuli. Saa kumi hapakuwa na mtu mwingine.

Saa kumi na robo kipa wetu, mpagazi mmoja mpana kama mlango, akanipazia sauti kutoka golini: "Shemeji! Timu yenu hii ina mbio sana, hata haionekani!"

"Tunaongoza?" mwingine akauliza.

"Bado sijafungwa."

Walicheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya mpira katikati ya uwanja, akinitazama.

Nikaenda nyumbani kwa harusi, mwendo wa dakika chache. Ua ulikuwa umefunikwa kwa turubai. Chini yake wazee wa mharuma walikaa kwenye mikeka kwa safu, kila mtu mahali pake, na katikati yao walipita vijana waliobeba sinia za wali na nyama. Nilimwona fundi wa redio. Amekunja mikono ya kanzu, jasho linamtiririka, ana sinia begani.

"Bwana Saa! Karibu ule!"

"Saa kumi imepita," nikamwambia. "Timu iko wapi?"

Akageuka akatazama nyuma yake, kama mtu aliyeulizwa swali jepesi. "Si hii hapa?"

Na kweli ilikuwa pale. Kipa wa mtaa anamimina maji ya kunawa. Mabeki wawili wanainua sufuria. Winga wa kushoto amechuchumaa mbele ya mzee, anamkatia nyama.

"Hirimu yetu ndiyo inayotumikia safari hii," alisema. Hirimu ni vijana wa rika moja. Wao huingia pamoja katika ada na desturi za ndoa kuu, na hutoka pamoja. "Asiyekuja anatozwa ng'ombe. Na mimi siku yangu ikifika nani atanibebea sinia?"

"Mngeniambia."

Alishangaa kweli. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa akijitetea.

"Tukuambie nini? Kila mtu anajua."

Mzee aliyekuwa karibu na lango aliinua kichwa. "Nani huyo amesimama?"

"Yule Mnzuani wa uwanja."

"Mpeni chakula."

Nikapewa sahani. Nilitazama wapi nikae. Kwenye mikeka ya wazee sikuwa na haki, na vijana hawakuwa wamekaa. Nilikula nimesimama langoni, vijiko vitatu kwa adabu, nikarudisha sahani. Fundi wa redio alikuwa ameshaitwa ndani. Kutoka huko alinipigia kelele, "Usijali! Tutacheza tu!" na sikupata nafasi ya kumwambia kwamba boti ya wageni ilikuwa inaondoka asubuhi.

Niliporudi uwanjani nilikuta magari mawili ya ulinzi wa rais. Ofisa alikuwa amekuja kutazama mechi pamoja na askari wake. Amevaa kaptula, anazungumza na shemeji kwa ishara. Aliponiona akaniambia kwa Kifaransa, akicheka, kwamba amesikia wenyeji wameogopa, na kwamba yeye ana watu kumi na viatu.

Nilimtafsiria shemeji. "Anataka kucheza na nyinyi."

"Nani, huyu?"

"Yeye na askari wake."

"Unaweza kumkatalia?"

Nikasema siwezi.

Bunduki ziliegemezwa kwenye ukuta wa ukumbi, chini ya ubao wa ratiba. Nikapuliza filimbi saa kumi na moja kasoro dakika tano. Wapagazi hawa walikuwa wakibeba magunia ya kilo mia, lakini siku hiyo walicheza kama watu wanaovuka sakafu iliyopigwa deki. Hakuna aliyemgusa mzungu. Aliotea mara mbili. Mara ya kwanza nilipuliza, akanitazama. Mara ya pili sikupuliza, na hilo lilikuwa bao la pili.

"Mimi nina watoto wanne," kipa alimweleza shemeji aliyekuwa akimfokea. "Mpira wa yule ukija, naupisha. Udake wewe."

Walitufunga matatu. Watazamaji walikuwa dereva wa gari moja na mbuzi wa jirani. Ngoma ya harusi ilisikika muda wote, na kila ilipopanda askari Wangazija waliokuwa uwanjani waligeuza vichwa upande ule. Nadhani nao walikuwa na ndugu waliokuwa wakila. Mwisho ofisa alinipa mkono, akasifu mistari. Alisema ilikuwa imenyooka kweli. Hakuna mtu mwingine aliyeitaja siku hiyo.

Magari yalipoondoka shemeji alikaa barazani akafungua kamba za viatu.

"Shemeji," alisema, "hapa unamjua nani?"

"Nawajua wote. Nakutajia nyumba kwa nyumba."

"Sikatai. Na wao?"

"Wananijua."

"Nimekaa siku mbili. Sijasikia mtu akikuita kwa jina lako. Hakuna aliyekuja kuuliza wageni wako wamekula nini." Alivua kiatu akamwaga kokoto. "Umeniletea wazungu."

"Sikuwaleta."

"Najua hukuwaleta. Walikuja wenyewe, na wengine hawakuja. Ndilo ninalolisema."

Nikamweleza habari ya hirimu na sinia. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu wa haki.

"Kwa hiyo mtaa mzima ulijua," alisema, "isipokuwa wewe."

"Ndiyo."

"Dada yangu siwezi kumdanganya, shemeji. Akija hapa atakaa dirishani."

Jumapili asubuhi niliwasindikiza mpaka bandari ya zamani. Kipa alinikumbatia, akaniambia nikirudi nyumbani atanifundisha kupuliza filimbi. Shemeji alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikarudi ukumbini, nikaosha sahani za kukodi, nikazihesabu, nikazifunga kwa kamba.

Saa kumi kamili alasiri timu ya mtaa iliingia uwanjani. Wote kumi na mmoja, na jezi zimepigwa pasi. Nyuma yao walikuja watu wengi wa mtaa, wakiwa bado na rangi ya harusi usoni, wamebeba viti, na mjomba wa bwana harusi yuko mbele. Akina mama walikuwa na chungu cha chai kwa ajili ya wageni.

"Wageni wako wapi?" fundi wa redio aliuliza.

"Wameondoka asubuhi."

"Wameondoka? Bila kucheza?" Aliwageukia wenzake, kisha mimi. Alikuwa amehuzunika. "Lakini siku ya harusi hakuna anayecheza mpira, Bwana Saa. Mpira ni kesho yake. Kila mtu anajua."

Mjomba aliuliza kwa nini sikuwaalika nyumbani kwa harusi, watu kumi na wanne, nyama ilikuwa tele. Katika hesabu zangu zote za wiki ile, jambo hilo halikunijia. Walisubiri kidogo, wakagawana wenyewe kwa wenyewe timu mbili, wakacheza mpaka magharibi. Nilipuliza filimbi. Chai walininywesha vikombe viwili.

Jibu la mke wangu lililetwa na mpagazi mmoja baada ya wiki tatu, kwa mdomo, na alilisema amesimama mlangoni kama alivyoagizwa: nyumba yake ni yangu siku yoyote nitakaporudi, na yeye ataningoja humo. Nilimshukuru, nikamkaribisha kahawa, akasema ana haraka.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mwenye nyumba kumwambia chumba cha pili, nilichokuwa nimekilipia kwa ajili ya mke wangu, sikitaki tena. Alinirudishia kodi ya miezi mitatu bila kuuliza. Seremala naye alikubali kumuuzia mtu mwingine kitanda nilichokuwa nimeagiza, akanipa nilichotanguliza. Nikaongeza nauli ya boti ya mke wangu, ambayo sikuwa nimeilipa. Fedha zote nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kuja kwake zilitimia faranga elfu themanini na moja na mia tano.