Jicho Ndani ya Maua ya Kisiba

Watu wa stendi ya Tukuyu wameshalisimulia hili na kuongeza chumvi, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuchora kadi za harusi kwa kompyuta, kwenye duka la Mama Neema. Juzi nilichuma maua ya porini kando ya ziwa Kisiba, ingawa bibi alishanikanya: "Vya kule ziwani vina wenyewe, mjukuu wangu." Nilimcheka.

Nikayalaza juu ya skana pamoja na majani yake, ili umbo lake niligeuze pambo la kadi. Picha ilipotokea, katikati ya majani palikuwa na jicho. Nikajiambia ni uchafu wa kioo. Nikaskani tena. Safari hii jicho lilikuwa limegeuka, linanitazama mimi.

Nilikuwa peke yangu, na mvua inapiga bati. Nikapiga magoti mbele ya kompyuta, nikalia kwa sauti: "Nisameheni! Nitayarudisha yote! Chukueni hata viatu, roho yangu niachieni!"

Mtu akakohoa nyuma yangu. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na bibi harusi mtarajiwa na mama yake, wote wameloa, na ilionekana wamenisikiliza kitambo. Akapita, akachukua rula, akaipenyeza kwenye yale majani, akamwinua kinyonga mdogo wa kijani.

"Huyu hapa," akasema. "Haya, mvulie viatu."