Filamu Niliyoambiwa Nisubiri

Kosa ni langu, wasomaji, wala sitamsingizia shetani. Shetani hakunishikia simu.

Mimi nasuka nywele hapa Alunguli, mjini Kindu. Kusuka kunakula nusu siku, basi huwa naegemeza simu ukutani ili wateja watazame filamu. Zote za bure, za kuibwa. Kwangu zilikuwa kama mvua: inanyesha, unakinga ndoo.

Kuna binti wa hapa hapa, nitamwita Faida, tulisoma pamoja. Alitengeneza filamu juu ya miaka ya vita, kwa kamera ya kuazima, bila kampuni yoyote nyuma yake. Aliongea na watu wazima wa mtaani, na mmoja wao ni mama yangu mdogo, Zawadi. Nilipomwomba nakala, alikataa.

"Usubiri, dada," aliniambia. "Mama mudogo alinipa sharti moja. Kule mbali waonyeshe, lakini hapa Kindu hapana, mupaka yeye mwenyewe aseme kwanza na mama yako. Iko neno mule ndani."

Neno gani! Nikaona anabana tu ili tulipe. Haikupita wiki nikaikuta mtandaoni, mtu ameshaiiba na kuiweka. Lo, nilivyofurahi! Nikaipakua, nikamrushia na mteja aliyeniomba, na Jumamosi nikaiwasha bila hata kuitazama kwanza.

Mama yangu alikuwa kando yetu, anachambua sombe, majani ya muhogo.

Vita vilipofika, mama alikimbilia Lubutu na mimi mgongoni. Bibi hakuweza kutembea, akabaki na mama mdogo, wakajificha msituni. Siku zote tuliambiwa bibi alikufa usingizini na mama mdogo akamzika vizuri. Mama alijifariji kwa hilo miaka yote.

Kwenye simu mama mdogo akasema: "Risasi zilikaribia. Nilimulaza juu ya majani, nikamwambia narudi sasa hivi. Nikakimbia. Siku ya tatu nilirudi, sikumukuta. Sikuzika muntu. Yaya hajui."

Yaya ndivyo anavyomwita mama yangu, dada yake mkubwa. Ningeizima! Lakini vidole vilikuwa kwenye nywele za watu.

"Huyu si Zawadi?" mama aliuliza. Akafunga sombe lake kwenye kitenge, hajalimaliza, akaenda nyumbani.

Mama mdogo alikuja jioni ile ile. Alipiga magoti mlangoni, akaita yaya, yaya, mpaka sauti ikamkauka. Mama hakufungua. Ndipo mama mdogo akanigeukia, wala hakunigombeza.

"Nilikuwa natafuta namna," alisema. "Noeli hii ningemwambia. Miye mwenyewe, kwa kinywa yangu."

Niliifuta filamu. Kazi bure! Ilikuwa imeshafika sokoni, simu kwa simu, na watu wakawa wanamnyooshea kidole akipita na kikapu chake. Nilikwenda kwa Faida kuomba msamaha. Alikuwa ametoka kwa mzee aliyekubali kuongea naye, na mzee amemfungia mlango. "Sasa nani ataniamini?" aliniuliza.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Hakuwa amesema neno na mdogo wake, na alituachia agizo: "Zawadi asiingie kwangu, wala asinizike." Siku zote za matanga mama mdogo alikaa chini, ng'ambo ya barabara, kama mpita njia. Nilimpelekea kiti. Hakukikalia. Tulipobeba jeneza alisimama, akalitazama mpaka tulipopinda kona.

Mama mdogo hakumzika mama yake kwa sababu ya vita. Na hakumzika dada yake kwa sababu yangu!

Ninyi mnaopakua vya watu mkisema ni filamu tu, nani ataumia, mimi nilisema vivyo hivyo. Mwenye filamu akikuambia subiri, subiri! Huenda kuna mtu bado anatafuta namna ya kusema.