Kiuno cha Mdogo Wangu

Daktari alikataa kumpasua mdogo wangu ngiri ya kitovu mpaka apungue. Alisema mafuta ya tumbo yakibaki vile, mshono utaachia. Mdogo wangu akaja kukaa kwangu Ipuli, na kila Jumapili, kabla hajanywa chai, nilimpima kiuno kwa futi ya cherehani: asimame wima, atoe pumzi, futi ipite kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Shanga alizivua, maana zilidanganya futi.

Alipungua. Kanga iliyokuwa haikutani mbele ikaanza kukutana. Lakini njaa nayo ilizidi.

"Dada, naota ugali," aliniambia akicheka. "Hata mboga hakuna. Ugali mtupu!"

Nilikuwa nimesoma, polepole na kwa kamusi, kwamba mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, inayouarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mnene anayo tele, ila ubongo wake huwa umeacha kuisikiliza. Akikonda, homoni hushuka, na hilo ubongo hulisikia mara moja: njaa imeingia. Hamu ya kula hupanda, mwili hubana matumizi. Nilimweleza ili asijione mlafi.

Kisha ukatokea msiba ukweni kwake, kijijini Ipole. Nilimsindikiza. Mama mkwe aliitikia shikamoo yake, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubinya mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele.

"Mwanangu, nani kakufanya hivi? Watasema kwetu hatukulishi."

"Ni daktari, mama. Nipungue, anipasue."

"Kwani daktari ndiye aliyekuoa?"

Wakacheka. Mmoja akauliza, kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, kama amekwisha kupima damu. Hapo hakuna aliyecheka.

Tangu jioni ile aliwekewa uji wa karanga wenye asali, na mama mkwe akikaa pembeni mpaka bakuli liishe. Alimpenda, na hilo ndilo linaloniuma. Yeye na ubongo wa mdogo wangu waliona kitu kimoja: njaa. Mdogo wangu akabaki huko mpaka arobaini.

Aliporudi, kanga haikukutana. Siku ya kliniki muuguzi alimpima juu ya nguo, akatikisa kichwa.

"Si tulikwambia ufunge mdomo, mama?"

Upasuaji ukaahirishwa, bila tarehe. Nje ya geti mdogo wangu alikohoa, akakandamiza kitovu kwa kiganja kama alivyozoea. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, nyumbani kuna nini cha kula.