Kuuza Programu Matangani

Shemeji yangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, alikuwa mwepesi wa kujifunza. Hilo ndilo lililotumaliza.

Zaire ya Chama kimoja ilikuwa imekwisha kuzeeka alipotoka Kinshasa na kompyuta moja na jenereta. Yeye alikuwa na mtaji, mimi nilijua kuandika programu. Tukafungua kampuni ya watu wawili hapa Kindu. Programu yetu ilimwonyesha mfanyabiashara mchele uliobaki ghalani na ule uliokwenda Kampene kwa wachimbaji wa madini. Hakuna aliyeitaka. Siku zile mtu akijua ghala lako, kesho yake wanakuja kudai mchango wa Chama. Nani angepeleka siri zake kwenye mashini?

Kwa hiyo nilikwenda kwa miguu. Nilivuka mto hadi Alunguli, kwa mama mmoja muuza mchele ambaye wenzake wote walimsikiliza. Nilisalimia, nikauliza habari za bustani yake, nikarudi zangu. Nikaenda tena, na tena, bila kutaja kompyuta, mpaka akauliza mwenyewe.

“Mutoto yangu, hii kitu iko na masikio?”

“Hapana, mama. Haina masikio wala mudomo. Na disketi yako utaichunga weye mwenyewe, kwako.”

Akawa mteja wetu wa kwanza. Muda si mrefu kitinda mimba wake akafa kwa homa. Nilichimba kaburi na wajomba zake, nikachota maji, nikalala pale na wanaume wa nyumba mpaka matanga yakaisha. Sikufikiria kampuni hata mara moja, nililia tu. Tangu hapo akaniita mtoto wa nyumba, na akina mama wa Alunguli wakaanza kuja kwetu na hesabu za mizigo yao.

Shemeji aliona wateja wanaongezeka, akapiga hesabu zake.

“Kumbe hii njo mutindo yako!” alinicheka. “Matanga njo piblisite, matangazo ya bure. Juu ya nini ulinificha?”

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wazee. Shemeji yangu akaongeza: na ndiye atakayekuuzia.

Mama yule alipofiwa na mama yake mzazi, shemeji alinifuata. Ningemzuia vipi? Matanga hayafungiwi mtu mlango. Dua ilipokwisha, kabla ya chakula kuletwa, alisimama na abakosti yake, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Hakusema “mama”. Alisema “sitwayeni”, yaani mwananchi, kama yuko kwenye mkutano wa Chama, akatoa pole kwa niaba ya kampuni. Kisha akawaambia waombolezaji kwamba kampuni inayolia nao ndiyo itakayowatunzia hesabu zao, akagawa vikaratasi vyenye saa zetu za kazi. Alimpa mpaka mzee aliyekuwa bado anavuta tasbihi. Nilimvuta koti, akanipa vingine nimsaidie kugawa. Ningeweza kumpiga, wallahi, pale pale matangani, na maiti amezikwa asubuhi ile ile.

Mama aliniita nyuma ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

“Niambie kweli,” akasema. “Ile siku ya mutoto yangu, ulikuja juu ya mutoto, ao juu ya kazi?”

“Juu ya mutoto, mama. Juu ya mutoto tu.”

Nilijua kwamba neno lolote nitakaloongeza litasikika kama la muuzaji. Kwetu matangani kiti hupewa mtu wa mbali. Wa nyumba hukaa chini na wenzake. Mama akamgeukia binti yake.

“Muletee mugeni kiti,” akasema.

Kililetwa. Wajomba walikuwa mkekani, wakasogea kunipa nafasi kama kawaida yao. Nilikaa kwenye kiti.