Mayai Niliyonyimwa na Ngumi za Baba

Wapendwa, mkiniona nimesimama hapa napumua, mjue hii pumzi ilipiganiwa. Naitwa Chebet, wa kijiji cha Yamumbi. Kabla ya pumu nilikuwa mtoto wa mbio. Hata kaka zangu hawakunishika.

Nilipofika miaka saba kifua kikaanza kupiga filimbi. Hospitali ikanipa pampu ya kuvuta. Lakini jirani akamwambia Mama ati mayai, maharagwe na nyama ndivyo vinabana kifua. Nikanyimwa vyote! Miaka miwili nikala ugali na sukuma, nashushia na chai kali. Nikakonda, vidonda vikakataa kukauka, kila mafua yakawa vita. Hata pampu ikafichwa, ati nitaizoea.

Siku moja mchana nilikuwa nasugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kijinga cha moto. Moshi ukaniingia, kifua kikafunga kabisa. Nilitapika, nikajikojolea, kucha zikageuka buluu. Mama aliponishika nilimng'ata mkono. Baba akaja mbio kutoka shambani. Kwetu waliamini makohozi hutolewa kwa kupigwa, basi akanilaza gotini akanishindilia ngumi mgongoni, ngumi za mtu anayeogopa kuzika. Nikasikia ubavu ukilia ka! Pumzi ya kulia sikuwa nayo.

Boda boda ikatukimbiza hospitali. Nikawekewa oksijeni na dawa ya mvuke, nikarudi duniani. Daktari akauliza mimi hula nini, akapima damu, akapata zinki, madini ambayo mwili huyapata kwenye nyama, mayai na maharagwe, iko chini sana. Baba akarukia hapo hapo: kama ni zinki, atanunua vidonge na pampu itupwe. Daktari akamwekea picha ya mbavu zangu mbele yake.

“Mzee, watoto wengine wa pumu tunawapata zinki iko chini. Lakini zinki si pampu. Pampu ndiyo inafungua kifua. Chakula mlichomnyima ndicho kinajenga mwili. Na huu ubavu umeuvunja wewe.”

Baba aliketi sakafuni akalia.

Nilitumia zinki kwa kipimo cha daktari, nikala, na pampu sijaiacha mpaka leo. Kipi kilisaidia zaidi, sijui, mimi si daktari. Ila nakimbia tena hadi mtaa wa Pioneer na kurudi. Wazazi, msimnyime mtoto chakula kwa maneno ya jirani, wala msimpe vidonge kienyeji.

Baba nilimchukia miaka mingi, sifichi. Mungu ndiye amenilainisha. Hadi leo nikienda nyumbani hunichemshia yai, analimenya mwenyewe, ananiwekea mkononi. Nami hulila lote, akiangalia.