Udongo wa Chini ya Mlimau

Mume wangu alikufa wiki chache baada ya kuleta mbwa. Jambo hili nalisema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokaa kichwani mwangu, kavu, kama habari ya jirani. Mbwa alipewa na mtu aliyekuwa akihama hapa Mapinga: mdogo bado, rangi ya mchanga, sikio moja limelala. "Kwa ulinzi inajuzu," mume wangu aliniambia kabla sijafungua mdomo. Kila asubuhi akirudi msikitini alimpeleka kwanza nyuma ya nyumba, mie nikiwa chumbani. Haukupita muda, mbwa akawa hadondoshi hata tone la mkojo ndani.

Baada ya maziko mama yangu alikuja kukaa nami eda. Sikulia. Watu walisema nina subira. Haikuwa subira, sikuhisi kitu. Chakula nilikitafuna kama karatasi, na kilichobaki akala mbwa. Asubuhi alikwaruza mlango wangu mpaka ninyanyuke. Hakuna kingine kilichoniamsha.

Siku waombolezaji walipotawanyika, mbwa, ambaye hakuna aliyekuwa akimtoa tena, akakojoa sebuleni, pale pale mama anapotandika mswala. Mama hakupiga kelele. Alisema tuoshe mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Lakini mwenye eda hatoki nje ya uzio, na uani kwetu kumesakafiwa kote isipokuwa chini ya mlimau, ambapo mume wangu alikuwa ametifua kipande cha ardhi. Nilidhani alitaka kupanda mchicha. Nikachota hapo, nikasugua, nikasuuza.

Kesho yake akakojoa pale pale. Nikaosha tena, safari hii udongo nikauzidisha. Akarudia. Nilimfokea, nikamfungia koridoni. Akifunguliwa tu, mbio hadi pale pale, anachuchumaa huku ananitazama, kama mtu anayetimiza alichoagizwa. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, na hata hivyo havikuniuma.

"Mwanangu, mie na mbwa hatuna ugomvi," mama alisema. "Lakini humu ndani tunamsomea marehemu. Ijumaa mjomba wako amchukue, akamfukuzie ngedere shambani Fukayosi."

Nilijua akiondoka hakuna atakayekwaruza mlango, nami sitaamka. Nililijua hilo vizuri kabisa, na mdomo wangu ukasema, "Sawa, mama."

Ijumaa mjomba akafika na pikipiki, nyuma amefunga tenga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mkorofi wetu?"

Mkorofi ndiyo kwanza alikuwa amelowesha sakafu. Nilikuwa nimeshachota udongo. Nikaweka beseni barazani nijifunge kanga vizuri. Mbwa akaja, akanusa, akapanda ndani ya beseni na kukojoa. Mjomba akaangua kicheko. Mama hakucheka. Alikwenda hadi chini ya mlimau, akainama, akanusa ile ardhi.

"Mumeo alikuwa akimpeleka wapi huyu kukojoa?"

Nikamfuata hadi pale. Jibu tulikuwa tumesimama juu yake. Haikuwa bustani ya mchicha. Kilikuwa choo cha mbwa, mume wangu alikilainisha kwa jembe, nasi tulikuwa tukikiingiza sebuleni beseni kwa beseni kwa nia ya kutoharisha.

"Astaghafirullah," mama alisema. "Tunaosha najisi kwa najisi, halafu tunamlaumu mbwa." Akamgeukia kaka yake. "Fungua hilo tenga. Chukua ndoo, ukaniletee mchanga safi kule wanakojenga."

Mjomba akaondoka na ndoo, na mama akaingia jikoni kukaanga samaki. Mimi nilibaki chini ya mlimau. Pembeni, ambako beseni langu halikufika, alama za jembe zilikuwa bado zinaonekana, fupi fupi, zimeelemea kushoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Mbwa akaja akalala juu ya alama hizo. Sikumfukuza.

Harufu ya samaki ikatoka dirishani. Nikaenda hadi mlango wa jikoni.

"Mama," nikasema, "nina njaa."

Aliyelia ni yeye.